JE, NIUACHE MPIRA WA PETE NIKIINGIA CHUO KIKUU?

SOMA MPAKA MWISHO, KISHA MPE MWENZAKO!

Rafiki kijana,

Usiitupe karatasi hii. Ukimaliza unaweza kufungia karanga ukipenda, lakini isome kwanza.

Labda umepewa pale stendi, au sokoni karibu na mafungu ya migebuka, au umesimama nyuma kabisa ya mkutano, mikono mfukoni kwa baridi yetu hii ya Sumbawanga, umekuja kusikiliza vyombo tu. Karibu sana! Huendi kanisani? Mara ya mwisho ilikuwa kipaimara, na ulikwenda kwa sababu ya pilau? Hakuna anayekudai kadi hapa. Kaa tuzungumze.

Karatasi hii ni ya binti anayecheza netiboli. Ndiyo, netiboli! Kama wewe ni mvulana wa soka, au mkimbiaji, au ndiye uliyekuwa unaongoza ngoma ya shule kwenye mashindano, badilisha jina la mchezo tu. Mengine ni yale yale.

Ulianza na UMITASHUMTA, shule ya msingi, mnacheza pekupeku. Ukaja UMISSETA: shule, kata, wilaya, mkoa. Ukaingia Uwanja wa Nelson Mandela na herufi GS kifuani, watu wakaita jina lako. Labda ulikuwa kwenye basi lililokwenda Tabora michezo ya taifa ilipofanyika huko mwaka 2022, ukalala bweni moja na mabinti ambao lafudhi zao hujawahi kuzisikia, ukarudi na jezi iliyoandikwa RUKWA mgongoni. Jezi hiyo mpaka leo hutaki mdogo wako aiguse.

Sasa matokeo ya kidato cha sita yametoka. Umefaulu! Umepata chuo. Na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuuma.

Mama anasema, "Mwanangu, mipira imetosha, kasome." Mwalimu wa michezo anasema kipaji kama chako kikifa ni dhambi. Wenzako kwenye kundi la wasapu wanaandika, "Usitutupe dada." Huko chuoni kuna timu, na wanaotafuta wachezaji wanaanza na waliowahi kufika taifa. Usiku unalala unahesabu: niendelee? Niache? Nikiacha, mimi ni nani?

Usidhani ni wewe peke yako duniani. Marekani kuna mchezo wa kushangilia timu kwa kuruka na kurushana juu. Ulianza mwaka 1898 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na aliyeuanzisha alikuwa mwanamume, mwanafunzi Johnny Campbell, aliyesimama mbele ya umati akaongoza kelele. Leo una mashindano yake wenyewe, na mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikitambua rasmi chama chake cha dunia. Huko nako mabinti wakifika mlango wa chuo kikuu hulia na swali hili hili: miaka yote hii ya mazoezi, niiweke wapi?

WANAOJIBU UPESI

Majibu ya haraka yako mawili. La kwanza linatoka kwetu sisi watu wa kanisani, nasema kweli: "Hayo ni ya dunia. Choma jezi, shona sketi ndefu, yaishe." La pili linatoka mtaani: "Kipaji kakupa Mungu, wewe cheza, chuo kitajipa." Yote mawili yana kasoro moja. Yanakujibu kabla hayajakuuliza.

Hilo la sketi nilimalize hapa hapa. Siyo kwamba mavazi si kitu. Lakini anayeanza na sketi ameanza mwisho. Yesu alipokutana na yule kijana tajiri (Marko 10:17-22) hakumwuliza amevaa nini. Alitafuta kitu kimoja tu ambacho yule kijana asingeweza kukiachia, akaweka kidole pale pale. Kijana akaenda zake amenuna, maana mali yake ilikuwa nyingi.

Basi na mimi nakuuliza hivyo. Netiboli wewe unaishika, au inakushika?

Unazijua sheria kuliko mimi. Ukiudaka mpira una sekunde 3 tu, uwe umeutoa au umefunga. Ukikaa nao zaidi, filimbi! Ukikimbia nao, filimbi! Katika mchezo wote huo hakuna binti hata mmoja anayeruhusiwa kusema "huu ni wangu." Ajabu ni kwamba mchezaji hodari wa mchezo huo anaweza kurudi nyumbani akaukumbatia mchezo wenyewe kifuani miaka kumi, asisikie filimbi yoyote.

Jipime. Ukifungwa mechi, huzuni inaisha kesho yake au unachukia watu wiki nzima? Mwenzako akipangwa nafasi yako, unamtakia mema au unaomba ateguke mguu? Ukiumia leo goti, daktari aseme basi, hutacheza tena, kesho asubuhi utaamka wewe au utaamka mtu asiye na jina? Usinijibu mimi. Jijibu.

KAMATI YA UFUNDI

Hapa nitakaa kidogo, maana tuko Sumbawanga, na jina la mji huu wazee huwa wanalieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi." Wanaoingia mjini waache uchawi wao huko huko nje. Sasa wewe uliyezaliwa hapa unaulizwa na wenzako wa mikoa mingine, kwa utani, "Nyie watu wa Sumbawanga, si ndio nyie!" na unacheka. Lakini unajua kwamba nchi nzima kwenye michezo kuna kitu kinaitwa kamati ya ufundi, na wote tunajua ufundi wake si wa kupiga pasi.

Timu za Ligi Kuu ya soka zimewahi kutozwa faini kwa kukataa kupita mlango rasmi wa uwanja, eti mlangoni pametegwa. Watu wazima, wenye viatu vya bei mbaya, wanaruka ukuta! Kama wakubwa wako hivyo, kwenye timu ya mabinti hushangai kuona kapteni analeta kichupa, kila mtu apake nyayo kabla ya fainali. Au mnaambiwa msisalimiane na mtu yeyote njiani. Au mnaoga maji ya mizizi saa 9 usiku na meno yanagongana kwa baridi.

Wewe huamini. Unasema, "Mimi napaka tu, ili wasiseme nimewafungisha."

Hapo hapo ndugu yangu! Hukuamini, lakini ulipaka. Maana yake iko nguvu iliyokutawala bila hata kukuomba uamini. Nguvu hiyo ni woga wa kutengwa. Shetani hahitaji umwimbie nyimbo. Anatosheka ukiogopa watu kiasi cha kufanya usichokiamini. Na chuoni kichupa kitabadilika tu, kitakuwa kitu kingine, lakini maneno yatakuwa yale yale: "Fanya tu, usituangushe."

Nakuambia habari njema. Jina la Yesu lina nguvu kuliko kichupa chochote. Aliye wake hana haja ya kuruka ukuta wa uwanja. Anapita mlangoni, anacheza, akifungwa amefungwa, analala usingizi.

KIJANA MMOJA ALIYEPELEKWA CHUO

Danieli unamsikia kwa habari ya simba. Lakini kabla ya simba kulikuwa na chuo, na habari hiyo iko katika Danieli 1. Kijana kachukuliwa Yerusalemu, kapelekwa Babeli, kaingizwa katika mafunzo ya miaka 3 ili amtumikie mfalme. Miaka 3! Kama digrii yako. Akafundishwa lugha ngeni na vitabu vya watu wasiomjua Mungu wake. Hata jina wakambadilishia.

Sasa angalia alichokataa na asichokataa. Masomo hakuyakataa. Lugha aliisoma. Jina jipya walimwita nalo, hatusomi kwamba aligoma. Lakini ilipofika meza ya mfalme, chakula kile na divai ile, alisema moyoni hapana. Kwa nini pale? Biblia haitoi hotuba ndefu. Ila inaonyesha kwamba alikuwa ameamua moyoni KABLA ya kuzungumza na mtu yeyote. Na alipozungumza hakufoka. Alimwomba msimamizi kwa heshima, akamwambia tujaribu siku 10, kisha utuangalie nyuso zetu.

Mimi napenda sana zile siku 10. Danieli hakusema, "Nimeoteshwa, potelea mbali." Alikubali kupimwa.

Wewe nawe kuna mambo ya chuoni utayapokea na kuna meza utakayoikataa. Netiboli iko upande gani? Kwa binti mmoja ni kama zile lugha za Babeli, kazi halali anayoifanya kwa akili yake na mwili wake. Kwa binti mwingine ni ile meza. Mchezo ni ule ule, pete ni ile ile mita 3.05 juu. Walio tofauti ni hawa mabinti wawili.

TUFANYE HESABU

Mazoezi ya timu, tuseme saa 10 hadi saa 12 jioni, siku 5. Ni saa 10 kwa wiki. Muhula wa wiki 15 ni saa 150. Hapo sijaweka mechi za Jumamosi, wala safari, wala ule uchovu ambao ukirudi unaoga, unafungua daftari, unaamka alfajiri shavu likiwa juu ya daftari.

Vyuo vingi vyetu koziweki ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Jaribio limewekwa siku mliyosafiri, alama zimekwenda. Mwaka wa kwanza watu hawadisko kwa sababu ni wajinga. Wengi walikuwa vichwa huko kwao! Wanadisko kwa sababu hakuna mtu wa kugonga kengele. Shuleni kengele, foleni, mwalimu wa zamu. Chuoni ukilala mpaka saa 5, hakuna atakayekuja kukuamsha. Sapu ya kwanza unacheka, ya pili unakeri, halafu barua.

Na nyuma yako kuna nani? Kuna mkopo wa Bodi, ambao ni deni, utalilipa ukianza kazi. Kuna baba aliyeuza magunia ya mahindi bei ikiwa chini kwa sababu ada haikusubiri bei ipande. Pengine kuna maksai mmoja aliyeuzwa, na mwaka huu watalima kwa jembe la mkono. Hilo hawakukuambia. Wazazi wa Ufipa hawana maneno mengi.

Lakini haki itendeke. Simu! Saa 3 kwa siku kwenye simu, ambazo kwa wengi ni kidogo, ni saa 21 kwa wiki, na kwa muhula ni saa 315. Mara mbili ya netiboli na zaidi. Kwa hiyo usije ukaacha mpira kwa machozi, ukatoa ushuhuda mbele ya watu, halafu zile saa 150 ukazipeleka kitandani na simu. Utakuwa umeacha kilichokupa afya ukabaki na kinachokula macho.

WALIOPITA NJIA HII

Uingereza walikuwepo ndugu wa tumbo moja, watoto wa mzee Studd. Walicheza kriketi. Watatu kati yao walikuwa makapteni wa timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge kwa kupokezana: George mwaka 1882, Charles 1883, Kynaston 1884. Charles ndiye aliyekuwa moto. Mwaka 1882 alichezea timu ya taifa dhidi ya Australia. Nchi nzima ilimjua.

Kisha George akaugua sana, karibu kufa. Charles akakaa kando ya kitanda, na swali likamjia kama lako: sifa zote hizi zina faida gani kwa mtu aliyelala hapa? Aliondoka pale mtu mwingine. Mwaka 1885 aliacha kriketi akaenda China yeye na wenzake sita. Urithi wake wa baba aliugawa. Mwaka 1913, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50 na mwili mgonjwa, alikuja Kongo. Alifia Ibambi, kaskazini mashariki ya Kongo, mwaka 1931. Sikufichi, alikuwa mtu mgumu, na wenzake wengi walishindwa kwenda naye. Lakini alichokiacha alikiacha kweli.

Sasa Kynaston, kaka mtu! Naye alimpenda Bwana yule yule. Hakwenda Kongo. Alibaki London, kuanzia mwaka 1903 akawa rais wa Polytechnic ya mtaa wa Regent, mahali vijana wa kazi walipofundishwa ufundi mchana na usiku, na michezo ilikuwa na nafasi kubwa pale. Akawa Meya Mkuu wa London mwaka 1928. Mwaka 1930 akawa rais wa klabu kubwa ya kriketi ya nchi hiyo. Nyumba moja, Mungu mmoja. Mmoja aliuacha mchezo, mwingine aliuweka mahali pake ukatumikia vijana. Nani kati yao alikosea? Mimi sioni aliyekosea.

Mwingine ni Eric Liddell. Aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1920. Alikuwa na michezo miwili, raga na mbio. Raga aliichezea Scotland, kisha akaiacha ili akimbie. Umeona? Hata kabla ya mambo ya dini, alijua hawezi kushika yote. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 akakuta mchujo wa mita 100, mbio zake hasa, umepangwa Jumapili. Akakataa. Magazeti yakamsema. Akakimbia mita 400, akachukua dhahabu kwa sekunde 47.6, na siku chache baadaye akapokea digrii yake. Mwaka uliofuata alikwenda China kufundisha. Alifia kambini mwa wafungwa wa Kijapani Februari 1945. Na humo kambini, yeye aliyekataa kukimbia Jumapili, husimuliwa kwamba alikubali kusimamia mchezo wa watoto siku ya Jumapili, kwa kuwa bila mwamuzi walikuwa wanapigana. Mtu huyo hakuwa mtumwa wa mchezo, wala hakuwa mtumwa wa kukataa mchezo.

Na wa kwetu, Suleiman Nyambui, Mtanzania, alisoma chuo kikuu El Paso, Texas, akikimbia. Ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 aliuchukua miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati yake, mwaka 1980, akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Kwa hiyo anayekuambia haiwezekani kusoma na kushindana, anakudanganya. Inawezekana. Ila kwake mbio ndizo zilizomfungulia mlango wa chuo. Wewe mlango wako umefunguliwa na nini? Kama ni karatasi ya mtihani, basi karatasi ya mtihani ndiyo itakayokubakiza humo.

JAMBO LA SIRI

Binti, hili nalisema taratibu. Kama kuna kocha au kiongozi, wa huku au wa huko uendako, anayekuambia nafasi kwenye timu inapatikana kwake usiku, hilo si swali la kuomba mwongozo wa Mungu. Hilo jibu lake lipo. Ondoka! Ni dhambi yake, siyo yako. Na ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe nafasi au upendeleo. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Mwambie mama, au mama mdogo, au matroni. Usinyamaze kwa ajili ya jezi. Na kama imeshatokea, Yesu hajakuchukia, wala hakuiti mchafu. Usikubali mtu wa dini akubebeshe mzigo ambao si wako.

BIBI YAKO ANAJUA

Mvua zikielekea kwisha, bibi yako anafanya nini shambani? Anakata majani, anayafukia, anafanya lile tuta la duara la Kifipa. Mgeni kutoka Dar akipita anaona vichuguu tu, anadhani watu wanazika kitu. Kweli wanazika! Yale majani yanaoza humo ndani taratibu, na msimu unaofuata tuta linatawanywa, udongo una nguvu, mahindi yanapanda.

Ukiweka kitu chini kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya kazi aliyokupa, hujakitupa. Kuamka alfajiri ulikozoea, kusikiliza filimbi, kupoteza mechi ukarudi kesho mazoezini, kumpa pasi mtu usiyempenda kwa sababu yuko mahali pazuri kuliko wewe, vyote hivyo vimo mwilini mwako. Vitaoza vizuri, vitalisha kitu kingine. Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu waliokuwa na michezo mikubwa jirani na mji wao kila baada ya miaka miwili, akatumia wakimbiaji kuwa mfano wa bidii ya imani (1 Wakorintho 9:24-27). Na kwa Timotheo hakusema mazoezi ya mwili ni bure kabisa. Alisema yana faida yake, ila ina mpaka (1 Timotheo 4:8).

SIKIA HILI, NI KUBWA KULIKO YOTE

KUACHA NETIBOLI HAKUKUOKOI!

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu wengi wamedanganyika hapa. Unaweza kuacha mpira, muziki, hereni, ukaacha kila kitu, ukabaki mtupu, na bado uko mbali na Mungu. Na unaweza kuingia uwanjani kesho, damu ya Yesu ikiwa imekuosha, ukacheza kama mtoto mbele ya Baba yake. Msalabani Yesu hakufa ili tupunguze michezo. Alikufa kwa sababu tulikuwa tumepotea, na sisi wenyewe tusingerudi. Akafufuka. Yuko hai! Anachokitaka kwako kwanza ni wewe mwenyewe, mwenye jezi hiyo hiyo na maswali hayo hayo.

Kama unataka, sema naye hapo ulipo, hata kimoyomoyo, hata kwa Kifipa. Mwambie kwamba umechoka kujiendesha. Mwambie dhambi zako unazijua na hutaki kuzitetea. Mwombe akusamehe kwa ajili ya Yesu, akae nawe, akupe Roho wake, na ashike filimbi yeye. Si lazima ulie. Si lazima uanguke. Wapo watakaoanguka leo mkutanoni, wewe usijilinganishe.

SASA NIFANYEJE?

Unataka neno moja. Haya, nitasema ninavyoona mimi, na unaweza kukataa.

Muhula wa kwanza, USIJIUNGE na timu ya mashindano. Cheza jioni na wenzako wa bweni, kimbia, tokwa jasho, lakini jina lako lisiwe kwenye orodha ya kusafiri. Hiyo ndiyo siku 10 yako. Matokeo ya muhula yakitoka, jiangalie uso kama Danieli alivyoangaliwa. Alama zikoje? Usingizi ukoje? Je, umeweza kuishi bila kushangiliwa? Ukikuta umeweza, na masomo yamesimama, rudi kwenye timu ukiwa huru, cheza kwa bidii, wala asikuhukumu mtu. Ukikuta kila jioni ukisikia filimbi moyo unauma kama wa mlevi anayepita kilabuni, basi umejua kitu, nao mwaka wa pili pia uwe wa kuuweka chini.

Na kama masharti ya udhamini wako ni ucheze, cheza. Hiyo ni kazi, ifanye kwa uaminifu, ila mwambie kocha mapema siku zako za majaribio.

Kabla hujapanda basi, nenda kwa mwalimu wako wa michezo. Usimwandikie ujumbe, nenda. Mwambie, "Shikamoo mwalimu. Nimekuja kuaga, na kukushukuru. Muhula wa kwanza sitacheza mashindano, nataka masomo yasimame kwanza." Atakasirika kidogo. Ni haki yake, alikununulia raba kwa mshahara wake mwaka ule. Mwache aseme. Mwisho atakuuliza unaondoka lini.

Kwenye kundi la wasapu usijitoe usiku kimya kimya kama mwizi. Andika sentensi mbili.

Huko chuoni, wiki ya kwanza utasikia matangazo ya TAFES, CASFETA, USCF na wengine. Ingia hata kama hujui nyimbo, kaa nyuma, sikiliza. Ukikuta wanahesabu urefu wa sketi kuliko wanavyosoma Biblia, hamia kikundi kingine.

Jezi ya RUKWA mwachie mdogo wako, naye ana UMISSETA mwakani. Raba fungasha. Kama ni Mlimani unakokwenda, kutoka bwenini hadi darasani kuna vilima vya kutosha, na safari yenyewe mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, hivyo mwombe mama akufungie na mahindi ya kuchoma.